Sauti Nyepesi ya Binti na Namna ya Kuilea

Mhadhara uliotolewa kwa akina mama na walimu wa kwaya za watoto, Iringa

Kamwene, akina mama. Kamwene, walimu. Shikamooni wakubwa zangu mlioketi huku mbele.

Mama akimsikia binti yake wa miaka saba anaimba mbele ya kanisa zima, mwili humsisimka, na ana kila haki ya kusisimkwa. Lakini fahari hiyohiyo inaweza kuiharibu sauti, maana sisi watu wazima tunapiga vigelegele mahali pasipostahili. Mtoto akitoa sauti nzito, ya kujaza ukumbi, tunasema huyu anaimba kama mtu mzima. Mwenzake mwenye sauti nyembamba kama filimbi tunamwambia, "Ongeza sauti, hatukusikii." Hapo tumewakosea wote wawili. Kwa umri huo sauti yenye afya ni ile nyepesi, inayopanda bila mshipa wa shingo kutoka nje. Mama atakayeulinda wepesi huo mpaka binti apite balehe atakuwa amefanya sehemu kubwa ya kazi.

Sauti hutokana na nyuzi za sauti zilizo kooni, na za mtoto mchanga zina urefu wa kama milimita tatu. Za mwanamke mzima zinazidi milimita kumi. Si urefu peke yake: nyuzi hizi zimepangwa kwa tabaka, na tabaka hizo hazikomai mpaka baada ya balehe. Sasa fikirini kazi zinazofanya. Mtoto akiimba noti ya A iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda, nyuzi zake zinagongana mara 440 kwa sekunde. Dakika kumi za noti hiyo ni migongano 264,000. Akiimba kwa wepesi, zinagusana tu na kuachana. Akipiga kelele, zinapigana. Zikipigana kila wiki, katikati yake panaota vinundu, mfano wa sugu ya kiganja cha mwenye jembe, na sauti inakuwa na mkwaruzo na upepo.

Tuanze basi na kumtambua. Kipaji cha kuimba hakionekani kwa ukubwa wa sauti, kinaonekana sikioni. Mwimbie binti kipande kifupi, maneno manne au matano, unyamaze, umsikilize anavyokirudisha. Mwimbie wimbo anaoujua halafu kosea noti moja makusudi, utazame kama anageuka kukuangalia. Wimbo ukiisha, mpe kazi nyingine ya dakika mbili, kisha mwambie aanze tena. Mwenye sikio mara nyingi anaanza kwenye noti ileile mliyoanzia. Wa miaka mitano au sita asiyeshika tuni asihukumiwe. Wengi wanaishika wakifika miaka minane, wakiimbiwa kila siku.

Hapa kuna kosa ambalo linafanyika majumbani mwetu kila jioni. Mama anaanzisha wimbo chini, kwenye G au A iliyo chini ya C ya katikati, kwa kuwa sauti yake mwenyewe imechoka na shughuli za mchana. Baba anaanza chini zaidi. Mtoto hawezi kufika huko. Anaishia kuguna, au anasema maneno bila tuni, nasi tunatangaza kwamba huyu hana sauti. Mtoto wa miaka sita mpaka minane anaimba kwa raha kuanzia D, iliyo hatua moja juu ya C ya katikati, mpaka A. Kwa hiyo wimbo mfupi wa noti tano, kutoka do, noti ya kwanza, hadi so, ya tano, iweke do yake kwenye D. Binti wa miaka tisa hadi kumi na moja anaanzia C ya katikati mpaka E ya oktava inayofuata. Huna kinanda? Programu za kinanda za bure zipo kwenye simu. Bonyeza D, mguniane pamoja, ndipo muanze. Na wewe mama uimbe kwa ile sauti ya kubembelezea mtoto alale. Ile ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde iache bondeni.

Mazoezi ya nyumbani yawe mafupi: dakika kumi hadi kumi na tano kwa wa miaka sita mpaka minane, ishirini kwa wa miaka tisa na kuendelea, siku tano kwa wiki. Saa mbili za Jumamosi hazifidii siku tano zilizopotea. Naomba niseme na hili, maana linanikera: binti ndiye anayeosha vyombo, anayechota maji, anayembeba mdogo wake, kisha tunashangaa kwa nini hana muda. Robo saa yake iandikwe kwenye ratiba ya nyumba kama inavyoandikwa zamu ya kuchota maji, na kaka yake ashike sufuria siku hiyo.

Robo saa yenyewe iende hivi. Kwanza alale chali mkekani, daftari likae juu ya tumbo. Avute pumzi puani, daftari lipande na mabega yatulie. Kisha atoe "sss" nyembamba isiyoyumba, wewe ukihesabu. Akifika nane bila kujikaza inatosha kuanzia. Msimsukume afike thelathini, maana atakaza koo. Mara tano tu, ainuke.

Kisha mrija. Hili ndilo zoezi ningependa liingie katika kila nyumba, tena gharama yake ni ya mrija mmoja. Tieni maji nusu ya glasi, ncha ya mrija izame sentimita mbili au tatu. Binti afunge midomo kuuzunguka, apulize huku akitoa sauti ya "uuu", povu litokee polepole kwa sekunde tano. Apumzike. Arudie mara tano, kisha apandishe na kushusha sauti kama king'ora, bado yumo ndani ya mrija. Maji yanasukuma hewa irudi kidogo, na msukumo ule unazisaidia nyuzi kutetemeka bila kubamizana. Mrija ukizamishwa sana, sentimita saba au nane, atapuliza kwa nguvu na faida yote inapotea. Povu likikatikakatika, pumzi yake haijatulia. Likitoka povu bila sauti, anapuliza tu. Mwambie aweke kidole shingoni asikilizie mtetemo.

Zimebaki kama dakika saba. Hizo ni za tuni.

Wengi tumejifunza kwaya kwa masikio: mwalimu anaimba besi, besi wanarudia, anakwenda tenor, mpaka sauti zote nne zinakaa kichwani. Kwa njia hiyo mtoto anaweza kujificha nyuma ya mwenye sauti kubwa kwa miaka mitano asijulikane. Mfundisheni kusoma do re mi mapema. Nota hizi za herufi asili yake ni watoto: Sarah Glover, mwalimu wa mjini Norwich huko Uingereza, aliziandaa katika karne ya 19 kwa kufundishia watoto, na mchungaji John Curwen akaziendeleza na kuzisambaza. Zimetufaa hadi leo kwa kuwa hazihitaji mistari mitano wala kinanda, na mashine yoyote ya chapa inaziandika.

Msianze na do, re, mi kwa mfululizo. Anzeni na so na mi. Ni umbali uleule unaousikia mtoto anapomwita mama yake kwa kuvuta, "Ma-ma!", ya kwanza juu, ya pili chini, yuko nao tayari. So mkono wima, kiganja kikutazame. Mi kiganja kilale kuelekea sakafu, mkono umeshuka kidogo. Wiki mbili za so na mi tu, mkibadilishana: wewe unaonyesha mkono, yeye anaimba. Kisha ongezeni la, halafu do, ambayo ni ngumi, halafu re. Fa na ti zije mwisho, kwa kuwa zimekaa nusu hatua kutoka kwa jirani zao na sikio changa linaziteleza. Msiende noti mpya mpaka ya zamani ameiimba sawasawa siku tatu mfululizo bila kusaidiwa. Kwenye karatasi, aelewe kwamba nukta mbili zinatenganisha mapigo, nukta moja inakata pigo nusu, na kistari kinairefusha sauti. Yakimkaa hayo matatu anaweza kusoma wimbo rahisi peke yake, na mtaiona sura yake siku hiyo.

Maneno yatangulie tuni. Nyimbo zetu nyingi za zamani zilitafsiriwa, na tangu Wamoraviani, wamisionari kutoka Ujerumani, walipofika Rungwe mwaka 1891 tumeimba tuni za Kijerumani kwa lugha zetu. Ndiyo maana mara kwa mara pigo zito linaangukia mahali Kiswahili hakikazi. Chukueni neno "furaha". Mkazo uko kwenye "ra". Tuni ikiweka uzito kwenye "fu", mtoto ataipiga "FU-raha" kwa nguvu. Aseme ubeti mzima kwa kuongea, apige kofi kwenye silabi zenye mkazo, ndipo aimbe na kuilainisha ile iliyopata pigo kwa bahati mbaya. Kwaya yenye watoto waliofundishwa hivi unaielewa kila neno hata ukiwa umekaa mlangoni.

Sasa hali ya hewa ya kwetu. Juni na Julai, Njombe na Makete kuna umande unaoganda, na hata hapa Iringa asubuhi pumzi inaonekana kama moshi. Mtoto asitoke nje akaanza kuimba. Apashe sauti ndani kwanza, avute hewa puani, kwani pua inaipasha na kuitia unyevu. Kosa la hatari kuliko baridi yenyewe ni kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili watoto wafanye mazoezi pakiwa na joto. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua. Vaeni sweta. Moshi wa kuni nao unazichubua na kuzikausha nyuzi. Binti anayeimba asifanye mazoezi jikoni wakati maharage yapo motoni.

Tangawizi, asali, limau, mayai mabichi: kila mtu ana dawa yake. Chakula na kinywaji vinapita njia ya chakula, nyuzi za sauti ziko njia ya hewa, kwa hiyo hakuna kinywaji kinachozigusa. Kikizigusa, mtoto anapaliwa. Maji ya uvuguvugu yanasaidia kwa sababu mwili mzima ukipata maji, nyuzi nazo zinapata. Anywe kidogokidogo mchana kutwa. Kikombe kimoja kabla ya kupanda jukwaani kimechelewa. Mayai mabichi wekeni pembeni kabisa, yana hatari ya kuendesha tumbo.

Sauti ikikauka kwa mafua, apumzike kuimba na aongee kidogo kwa sauti ya kawaida, laini. Msimwambie anong'one, kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha nyuzi. Mkwaruzo ukipita wiki tatu, hata kama hana homa wala hasikii maumivu, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, ili nyuzi zitazamwe. Vinundu vikigunduliwa, watoto wengi hawahitaji kisu, wanafundishwa upya namna ya kutumia sauti. Lakini akivuta pumzi kwa mlio wa kukoroma au wa filimbi akiwa macho, hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Nije kwenye harusi na sherehe, ambako fahari yetu inatuponza. Saa nne usiku, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, mtoto wa miaka minane anapewa kipaza sauti aimbe wimbo wa mtu mzima. Spika zote zinatazama wageni, yeye hajisikii, na mtu asiyejisikia hupiga kelele bila kujua. Kesho yake sauti haipo. Kama lazima aimbe, aimbe mapema kabla ya chakula, nyimbo mbili zisizidi, spika moja imwelekee yeye, kipaza sauti kikae vidole vinne kutoka mdomoni. Fundi muziki aambiwe kabla, na mama asimame karibu na fundi. Video zake zikirushwa mtandaoni, sare ya shule isionekane, wala jina la shule au la mtaa lisitajwe.

Sifa pia ina namna yake. "Umeimba kama malaika" haimwambii arudie nini. "Leo umeishika so mpaka mwisho wa mstari bila kushuka" inamwambia. Mtoto anayesifiwa hivyo huanza kujisikiliza mwenyewe.

Walimu, nawasihi jambo moja. Binti anayesoma nota vizuri mnamweka alto, sauti ya chini ya wanawake, akiwa na miaka kumi kwa kuwa mna uhaba wa alto, na anabaki huko miaka sita akiimba kwa sauti ya kifua tu, ile nzito ya chini. Sauti ya juu isipotumika inalegea. Mzungusheni, wimbo huu alto, ule soprano.

Kisha inafika miaka kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Tunajua sauti za wavulana huvunjika. Za wasichana nazo hubadilika, ila kimyakimya. Inaingia upepo, noti za juu zinakatika, katikati panatokea mahali inaporuka. Nyuzi zinakua na upande wa nyuma hazifungi sawasawa kwa muda. Hapo ndipo mama wengi wanaamini kipaji kimekwisha, na binti mwenyewe anaona aibu, anaacha kwaya. Asiache. Apunguziwe noti za juu kabisa, aimbe kwa wastani, mrija uendelee kila siku, na aambiwe wazi kinachotokea mwilini mwake, na mama yake, mapema, kabla hajakisikia kwa kejeli za wenzake.

Glasi na mirija viko mezani pale. Mabinti wa mstari wa mbele njooni wawili wawili na mama zenu, maji nusu ya glasi, sentimita mbili tu. Mama anapuliza kwanza.