Nani Anasema "Piga"? Maneno machache kabla ya kutazama Funny Face

Habari za jioni. Mlioko nyuma sogeeni mbele, viti bado vipo. Nimepewa dakika kumi kabla taa hazijazimwa, na kwa kuwa miaka yangu mingi imeishia studio nikipiga na kusafisha picha, mtanivumilia nikianzia chumba cha giza.

Kila mpiga picha wa mtaani ameshaambiwa hivi: "Mimi huwa sitoki vizuri." Mteja amelipa, amechana nywele, amekaa kwenye stuli, halafu anakuomba radhi kwa uso wake mwenyewe. Sinema ya leo, ya mwaka 1957, imejengwa juu ya mteja wa namna hiyo. Jo Stockton, anayechezwa na Audrey Hepburn, anauza vitabu katika duka la mtaa wa Greenwich Village, New York. Watu wa jarida la mitindo wanaingia bila hodi kupiga picha zao humo, wanamfungia nje ya duka lake, kisha wanaondoka wameacha vitabu vimezagaa sakafuni. Baadaye anawatoroka walewale na kuingia chumba cha giza cha mpiga picha wao, Dick Avery. Taa nyekundu inawaka. Binti anashangaa nani atataka kutazama sura ya kuchekesha kama yake.

Hapo Fred Astaire, anayemcheza Dick, anaimba huku akisafisha picha, na nawaomba muitazame hiyo karatasi anayoitoa. Mwanga umezidi hadi mashavu na kidevu vimemezwa na weupe. Yamebaki macho, nyusi, pua na mdomo. Studio kwetu tungesema imeungua, tungeitupa na kurudia, tena tukatwe mshahara kwa karatasi iliyoharibika. Kumbe aliyeitengeneza alijua anachokifanya. Ni kazi ya Richard Avedon, mpiga picha wa jarida la mitindo la Harper's Bazaar, aliyeitwa kuwa mshauri wa picha wa sinema hii. Dick Avery mwenyewe kachongwa kutoka kwake. Lisikilizeni tu jina.

Juu ya Dick yupo bosi, Maggie Prescott, mhariri wa jarida, anayechezwa na Kay Thompson. Wanaoijua dunia ile humwona Diana Vreeland, mhariri wa mitindo wa Harper's Bazaar wa enzi hizo, ndani yake. Mwanzoni kabisa anaamua kwamba wanawake wa Marekani wavae pinki. Basi, pinki hadi milango ya ofisi. Akiulizwa yeye je, mbona kavaa kijivu, jibu lake ni kwamba hata afe hatavaa rangi hiyo. Hicho ndicho kichekesho ninachokipenda kuliko vyote humu, maana ndivyo biashara hiyo inavyokwenda: anayeamuru si lazima avae.

Kwa hiyo swali langu la leo ni dogo. Nani anasema "piga"?

Jo anakubali kwenda Paris kuwa mwanamitindo wa jarida hilo, lakini si kwa ajili ya magauni. Anataka kumsikia mwanafalsafa anayemhusudu. Magauni ya huko yameshonwa na Hubert de Givenchy, mbunifu wa mitindo Mfaransa, nguo nyingine ni za Edith Head, mbunifu wa mavazi wa Hollywood, na wote wawili walipendekezwa kwa Oscar. Wiki ya kupiga picha inaanza na Dick ndiye mwenye amri. Kwenye stesheni ya Gare du Nord, katikati ya moshi wa treni, anamwambia ajione kama Anna Karenina, yule mwanamke wa riwaya ya Tolstoy. Bustani ya Tuileries, mvua inanyesha, anampa maputo. Kila pozi likikamilika picha inaganda na rangi zinageuka, hata negativu mnaonyeshwa. Huo tena ni mkono wa Avedon.

Kisha Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Juu ya ngazi lipo sanamu la kale la Kigiriki, la ushindi la Samothrace, mwanamke wa jiwe mwenye mabawa, hana kichwa. Dick yuko chini na kamera. Jo anajitokeza nyuma ya sanamu amevaa gauni jekundu, anainua mtandio wake kama mabawa na kushuka mbio. Dick anapiga kelele asimame. Hasimami. Ni yeye sasa anayemwamuru mwenzake apige. Tangu dukani alikuwa anasogezwa kama kiti, na hapa mwenye kamera ndiye anayebabaika.

Laiti filamu ingebaki hapo. Haibaki. Yule mwanafalsafa anageuka kuwa mtongozaji tu, na vitabu vyote vya Jo vinachekwa pamoja naye, jambo ambalo hadi leo linaniudhi: wamempa binti akili ili wapate kumnyang'anya. Na kuhusu mapenzi, hesabu ni yenu. Astaire kazaliwa 1899, Hepburn 1929. Kulikuwa na mchezo wa jukwaani wa jina hilihili mwaka 1927, wenye nyimbo za ndugu wawili Gershwin, na Astaire aliucheza na dada yake Adele kabla Hepburn hajazaliwa. Nyimbo chache za mchezo ule zimo humu. Hadithi ni nyingine. Hata hivyo akianza kucheza mtasahau umri wake, na Hepburn anaimba kwa sauti yake mwenyewe, si ya kukopa kama ilivyokuja kuwa kwenye sinema yake ya baadaye, My Fair Lady.

La mwisho. Kuna ngoma ndani ya kilabu chenye moshi, Hepburn kavaa nyeusi tupu, suruali ya kubana na viatu vya bapa. Mwongozaji, Stanley Donen, alitaka avae soksi nyeupe. Hepburn alikataa: nyeupe ingemkata mguu, ingeonyesha ukubwa wa nyayo zake. Donen naye alishikilia kwamba bila soksi hizo miguu itapotelea gizani na ngoma haitaonekana. Dada wa watu alilia, akazivaa. Alipokuja kuiona ngoma kwenye filamu alimwandikia Donen kijikaratasi: kwenye soksi ulikuwa sahihi.

Haya, zimeni taa. Ngoma ikifika, tazameni miguu, halafu tubishane.