Hewa na Moto: Kuonja Oolong Nyumbani
(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini)

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za jioni. Karibuni, na waliokaa nyuma wasogee mbele, kwa sababu leo pua itafanya kazi kuliko masikio.

Mezani hapa kuna chai nne, na zote ni oolong, yaani chai iliyo kati ya ya kijani na nyeusi. Kabla hatujazitia maji, ziangalieni. Ya kwanza ni Tieguanyin kutoka Anxi, jimbo la Fujian, China: imevingirishwa ikawa vidonge vya kijani. Ya pili ni Dong Ding ya Taiwan, nayo vidonge, ila imeelekea kahawia. Ya tatu imetoka milima ya Wuyi, huko huko Fujian, majani marefu meusi yaliyojisokota. Ya nne ni Dongfang Meiren, ya Taiwan pia, na ndani yake mtaona vipande vyeupe, vya kahawia, hata vyekundu. Mmea wenyewe ni ule ule wa Mufindi, Njombe na Rungwe.

Nina jambo moja la kuwaambia. Anayetaka kuijua oolong ajifunze kutenganisha, mdomoni mwake, kazi ya hewa na kazi ya moto. Watu wakiona kikombe kina rangi nzito husema chai hii imekolea, basi wanaishia hapo. Rangi ile ile inaweza kuletwa na mambo mawili tofauti kabisa.

Tuanze na hewa. Bibo likianguka likachubuka, baada ya muda pale palipochubuka panageuka kahawia. Jani la chai nalo ni hivyo. Likishanyauka juani, hutikiswa kwenye nyungo pana za mwanzi, kingo zikachubuka, likaachwa lipumzike, kisha likatikiswa tena, na kazi hiyo huweza kukesha hadi alfajiri. Utomvu unakutana na oksijeni. Harufu ya jani bichi inaondoka, ya maua na matunda inaingia. Mtengenezaji anayainua majani, anayanusa, na pua yake ndiyo inayoamua lini yaingie kwenye karai la moto ili mabadiliko yakome. Akiwahi mno anakaribia chai ya kijani. Akiyaacha yafike mwisho, anapata chai nyeusi, hii tunayoinywa kila asubuhi. Oolong ni uwanja wote ulio katikati, na ni mpana kweli.

Moto ninaousema ni mwingine, unakuja baadaye. Chai ikishakauka, ipo inayobanikwa taratibu kwa joto la makaa kwa saa nyingi, na pengine ikapumzishwa wiki kadhaa ikarudishwa tena. Chai za Wuyi ndizo maarufu kwa hilo. Tieguanyin hii ya kijani karibu haikuguswa na makaa. Dong Ding imekaa katikati kwa yote mawili, hewa na moto, na ndiyo maana naipenda kuwapa wanaoanza.

Sasa pokeeni ya tatu na ya nne pamoja. Rangi zinakaribiana, sivyo? Nywa ya Wuyi kwanza: mnapata makaa, kitu kama ganda la mkate ulioiva vizuri, halafu utamu unaochelewa, unakuja kooni mmeshameza. Sukutueni, mnywe Dongfang Meiren. Hapa ni asali na matunda yaliyoiva, moshi hakuna. Huo ni mkono wa hewa. Na kabla ya mkono wa mtu kuna wa mdudu: mdudu mdogo wa kijani hufyonza machipukizi yakiwa shambani, mmea unajitetea kwa kutoa harufu zinazowaita maadui wa mdudu huyo, na harufu hizo ndizo tunazozinywa. Mkulima anayetaka chai hii hawezi kupiga dawa ya wadudu. Mimi hili linanifurahisha kila ninapolifikiria.

Kupika, au tuseme kumiminia, maana hatuchemshi majani sufuriani. Chai yetu nyingi ya nchini hukatwakatwa na mashine, kwa hiyo inatoa karibu yote kwa mara moja, na inabeba maziwa, tangawizi na sukari bila shida. Oolong ni jani zima. Linafunguka polepole, kwa hiyo unalimiminia mara nyingi, kwa muda mfupi mfupi. Gramu 5 kwa mililita 100 za maji. Sekunde 20 au 30 za mwanzo, kisha unaongeza kidogo kila mara. Chai nzuri itakupa vikombe vitano, sita, hata zaidi. Pimeni kwa mizani, kwa sababu kijiko cha vidonge ni kizito kuliko kijiko cha majani marefu. Nyumbani ukitaka wepesi, gramu 3 kwenye kikombe kikubwa, dakika tatu, uchuje.

Bakuli hili la kauri lenye kifuniko Wachina huliita gaiwan. Kauri ya China si ngeni pwani hii. Vigae vyake vimefukuliwa Kilwa Kisiwani. Lakini huna haja ya kulitafuta. Kikombe, kisosi cha kufunikia na chujio vinatosha.

Maji ndiyo yanayoharibu chai hapa kwetu. Visima vingi vya pwani vina chumvichumvi, na maji magumu huua harufu. Tumieni maji laini ya kunywa. Sisi tuko usawa wa bahari, yetu yanachemka kwa nyuzi 100, na chai iliyobanikwa inayapenda hivyo hivyo. Kwa Tieguanyin ya kijani, fungueni birika mngoje dakika moja au mbili. Mkiiunguza italeta ukakasi, ulimi unakauka, na maua hamtayasikia.

Unyevu nao ni adui. Kopo lifunge kabisa, likae mbali na iliki, karafuu na ng'onda, kwa kuwa jani hunyonya kila harufu. Zile za kijani ziwekwe kwenye pakiti isiyopitisha hewa, hata kwenye friji. Zilizobanikwa zinavumilia zaidi.

Mtu akikuuzia Da Hong Pao, oolong maarufu ya Wuyi, akasema imechumwa kwenye miti mama, ile ya asili, usitoe hela. Miti ile sita inalindwa na haijachumwa tangu 2006. Inayouzwa ni ya vizazi vyake au mchanganyiko, na iliyotengenezwa vizuri ni tamu kwelikweli. Kwa kuanzia nunueni mbili tu, Dong Ding na Dongfang Meiren, kiasi kidogo kidogo, mzinywe siku moja vikombe viwili ubavuni, kwa uzito mmoja, maji mamoja na muda mmoja. Sukari iacheni hadi kikombe cha tatu.