Nani Amelipa, na Waliohojiwa ni Wangapi?

Mabibi na mabwana, wazee wetu, vijana wetu, asanteni kwa kufika. Nimekuja kusema juu ya kura za maoni, zile tafiti za kuwauliza watu watamchagua nani. Naanza na hesabu zake, maana humo ndimo tunamochezewa.

Kampuni ya utafiti ikihoji watu 2,000 nchi nzima, na kila kaunti ikapata fungu lake kwa sensa ya 2019, Mombasa yenye watu 1,208,333 itapata wahojiwa kama 50. Hamsini hao ndio Likoni, ndio Kisauni, Nyali, Mvita, Changamwe na Jomvu! Kwa watu 2,000 kiwango cha makosa ni kama asilimia 2. Kwa watu 50 kinafika 14, juu au chini. Mgombea aliyepewa 45 hapa petu huenda ana 31, huenda ana 59. Na bado redio inatangaza "fulani anaongoza Mombasa", wala hatuambiwi waliohojiwa ni wangapi. Hili linaniudhi kweli.

Sheria tunayo tangu 2012. Inamtaka anayechapisha kura ya maoni aseme nani aliyegharimia, nani aliyehoji, lini, watu wangapi, na kiwango cha makosa. Hapo ndipo penye nguvu yake. Lakini tunachokikumbuka zaidi ni katazo la kuchapisha siku tano za mwisho. Mwaka 2022, kampuni ya utafiti ya Ipsos ilimpa Raila Odinga asilimia 47 na William Ruto 41, kisha kimya kikaingia. Matokeo rasmi: Ruto 50.49, Raila 48.85. Katika kimya kama hicho, anayebaki kusema ni mwenye takwimu za kubuni kwenye WhatsApp, asiyejulikana wala kushtakiwa.

Wafaransa walikataza wiki nzima ya mwisho tangu 1977. Magazeti ya Uswisi yakawachapishia. Mwaka 2002 wakapunguza hadi siku ya uchaguzi na ile iliyotangulia. Mahakama ya Juu ya Kanada ilifuta katazo la saa 72 mwaka 1998. Nasi tupunguze.

Kuwahoji watu wakitoka kupiga kura ni jambo jingine, na hapo nataka ukali. Aliye foleni saa tisa alasiri asiambiwe mshindi keshapatikana. Uingereza haitangazi kabla ya vituo kufungwa saa nne usiku. India, wanaopiga kura kwa awamu, husubiri awamu zote ziishe, na nusu saa juu yake.

Ila kusubirisha si kuficha. Desemba 2007, taasisi ya Kimarekani ya IRI iliagiza utafiti wa namna hiyo hapa kwetu, ikayazuia matokeo. Yenyewe iliyatoa Agosti 2008, yakimweka Odinga mbele ya Kibaki, na watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameshauawa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Sisemi yalikuwa sahihi. Nasema wenye kura walikuwa na haki ya kuyaona na kuyapima mapema. Kwa hiyo sheria iandikwe hivi: kituo cha mwisho kikifungwa, matokeo yatolewe pamoja na maswali yaliyoulizwa, vituo vilivyochaguliwa, na jina la aliyelipa.