Swali la Mzazi, Kabati la Dawa
(Mhadhara kwa wazazi wa wanariadha chipukizi, Mbeya)

Baba zetu na mama zetu, shikamooni. Leo tuongee dawa zilizokatazwa michezoni, na nafasi yenu nyumbani.

Kocha anakaa na kijana saa mbili za mazoezi, kisha anamrudisha kwenu. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wavulana wanamichezo 129. Shinikizo la mzazi ndilo lililoambatana na kijana kuona dawa za kusisimua misuli si jambo baya. La kocha halikujitokeza. Na kijana aliyejiwekea malengo makubwa mwenyewe alizikataa zaidi. Kwa hiyo kumtaka mtoto ajitume si kosa. Kosa ni pale anapojua kwamba akishindwa, nyumbani hapakaliki.

Sikilizeni mnachomuuliza akirudi kutoka UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. “Umekuwa wa ngapi?” Wa tano. “Hao waliokupita wanakula nini?” Baba anatania, lakini mtoto ameshaambiwa kwamba kuna kitu wenzake wanakula. Muulize mbio alizigawaje, na mzunguko wa mwisho alibakiwa na pumzi kiasi gani.

Sasa tuje kwenye kabati la dawa, maana huku ndiko wengi mnakoponzwa. Baridi ya Juni na Julai hapa kwetu mnaijua: mafua hayaishi, mtoto anapewa kidonge bila mtu kusoma boksi. Kikiwa na pseudoefedrini, kemikali ya kuzibua pua, siku ya mashindano haitakiwi kuzidi mikrogramu 150 kwa kila mililita ya mkojo. Parasetamoli na dawa mseto ya malaria hazina neno. Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kienyeji ndivyo vya kuogopa: vingine vina deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, na kuimeza kipindi cha mashindano ni marufuku. (Hata asiyekimbia asivitumie.)

Halafu dripu. Mtoto kachoka, anapelekwa “akaongezwe maji” kabla ya mbio. Zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, hata yakiwa maji ya chumvi matupu, na chupa ya kawaida ina 500. Akilazwa kweli hospitali ni halali. Ombeni karatasi inayotaja ugonjwa, kiasi na saa.

Kila dawa, andikeni kwenye daftari jina la kemikali, si la kibiashara, pamoja na tarehe. Fomu ya upimaji inauliza dawa za siku 7 zilizopita.

“Sikujua” haimwondolei mtoto kosa. Kamila Valieva, mtelezaji wa barafu wa Urusi, alikuwa na miaka 15 ilipochukuliwa, Desemba 2021, sampuli yake iliyokutwa na dawa iliyokatazwa. Utetezi kwamba ilikuwa dawa ya moyo ya babu yake haukumsaidia. Januari 2024 alifungiwa miaka 4. Na mzazi anayemsaidia mwanamichezo naye anabanwa na kanuni hizo hizo za kupinga dawa michezoni: akimpa mtoto dawa nzito iliyokatazwa, anaweza kufungiwa maisha.

Siku ya kupimwa, aliye chini ya miaka 18 ana haki ya kuwa na mtu wake. Ingieni naye. Mkojo ni angalau mililita 90, na chupa mbili za sampuli, A na B, anazifunga mwenyewe. Chooni kazi yenu ni kumtazama ofisa wa upimaji. Mtoto mwenyewe hamumwangalii, mpaka aombe.