Mikono Inapopanda: Siku Zangu za Kwanza Thailand

Nashukuru kwa kunialika. Mmetaka nizungumzie ukarimu wa Wathai, nami naona nianze na aibu niliyojitia mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza Bangkok, kijana aliyenibebea begi hadi mlangoni alikutanisha viganja kifuani, akainamisha kichwa. Hiyo ndiyo wai, salamu yao ya viganja. Mimi, mtoto wa pwani niliyelelewa kwa shikamoo, nikaona sizidiwi adabu: nikapandisha viganja hadi kwenye paji la uso, nikainama mpaka kofia ikaanguka. Kijana wa watu hakujua aangalie wapi. Kumbe kiasi kile cha heshima ni cha watawa wa Kibuddha! Mikono inavyozidi kupanda ndivyo unavyozidi kumtukuza uliyemkabili. Mdogo huanza, mkubwa huitikia, na mtawa haitikii kwa mikono kabisa. Mnacheka, lakini hebu fikirieni babu anamwamkia mjukuu wake shikamoo. Ndicho nilichofanya.

Tena sisi tunaambiwa shikamoo asili yake ni kushika miguu. Kule mguu ndio kiungo duni kuliko vyote: humwelekezei mtu nyayo zako, sembuse sanamu ya Buddha. Na kichwa hakiguswi, hata kama ni cha mtoto mdogo unayetaka kumpapasa kwa mapenzi.

Salamu ya mdomoni ni sawasdee. Nilidhani ni ya kale kama mahekalu yao, kumbe ni ya juzi tu. Ilibuniwa na mwanazuoni Phraya Upakit Silapasan katika Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, na serikali ikaifanya rasmi mwaka 1943. Mwanamume humalizia kwa khrap, mwanamke kwa kha, na ukiviacha vineno hivyo maneno yako yanakuwa makavu. Lakini mitaani nilisikia pia kin khao rue yang, yaani, umeshakula wali? Hapo nikajiona nyumbani.

Naam, bibie hapo nyuma anauliza kama lile tabasamu lao ni la kweli. Swali zuri. Mara nyingi ni la kweli. Mara nyingine linafunika haya, au "hapana" isiyotaka kutamkwa. Nilimuuliza bwana mmoja njia ya msikitini, akatabasamu na kunyoosha mkono, nikatembea nusu saa nikatokea kwenye karakana ya pikipiki. Hakuwa mwongo, alishindwa kuniacha niondoke mikono mitupu. Wenyewe wana neno kreng jai: kuuchelea moyo wa mwenzako, usimsumbue wala usimtahayarishe. Tusiwacheke. Nani hapa hajawahi kusema "karibu chakula" na huku sufuria imeshakwanguliwa?

Neno jingine ni nam jai. Nam ni maji, jai ni moyo. Ni wema unaomtoka mtu bila kuombwa. Hilo nilielezwa mara nyingi, ila nililielewa ndani ya treni ya usiku ya kutoka Bangkok kwenda Chiang Mai, mji wa kaskazini, safari ya zaidi ya kilometa 700. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo. Hatukuwa na lugha. Akafungua furushi: wali wa kunata na mishikaki. Akanisogezea, kisha akaiona kofia yangu, mkono ukasita. "Mu," akasema taratibu, akitikisa kichwa. Nguruwe. Ni neno nililokuwa nimelikariri kabla sijapanda ndege.

Akaifunga mishikaki yake, akaiweka kando. Wali tukala pamoja, mtupu, tukiufinyanga tonge tonge kwa vidole, nami nikatoa tende. Nilimwashiria ale tu kitoweo chake, mimi sioni vibaya. Akatabasamu. Mpaka mhudumu anakuja kututandikia vitanda, lile furushi la mishikaki lilikuwa bado limefungwa.