Kutoka Kiel kwa madereva wa Tanga: acheni nafasi

Assalaam aleikum wa nyumbani, na wakubwa zangu wote shikamooni. Mie niko Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, ndani ya kigari cha kazini. Injini imezimwa na nimeegesha, kwa hiyo tusianze kugombana kabla sijasema neno. Kwa wasionijua, kazi yangu ni kuwazungukia wazee majumbani kwao, kuwapa dawa, kuwasafisha vidonda, na baina ya nyumba na nyumba ni usukani tu. Siku nyingine nafika hadi Eckernförde, mji mdogo hapa jirani ambao una udugu rasmi na Tanga yetu tangu mwaka 1963. Wapo wazee huku ukiwatajia Tanga wanakuamkia kwa furaha kama umetaja kwao.

Leo ni ajali. Nikifungua WhatsApp asubuhi, picha ya kwanza mara nyingi ni gari lililokunjika, na chini yake mtu kaandika "kazi ya Mungu haina makosa". Kweli, ya Mungu haina. Ya dereva inayo, na sie tunaiacha ya dereva tunarukia ya Mungu kwa sababu ndiyo rahisi kusemwa msibani.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba ajali za barabara yetu si nyingi kwa aina. Ni zile zile, zinabadilisha tarehe na majina ya marehemu. Na karibu kila moja ukiitazama vizuri, kuna mtu aliishiwa nafasi. Mita hazikumtosha, au sekunde.

Tuanze na kulipita gari, maana hiyo ndiyo inayotumaliza. Februari 2023, Magira Gereza pale Korogwe, usiku, Fuso na Coaster uso kwa uso. Coaster ilibeba watu wa msiba wanakwenda kuzika Moshi. Watu 17 walikufa usiku ule. Taarifa ikasema Fuso lilikuwa mwendo mkali likijaribu kulipita gari la mbele. Mnaijua barabara ile. Njia moja ya kwenda, njia moja ya kurudi, katikati mstari wa rangi. Hakuna ukuta, hakuna nyasi katikati, ni uaminifu wa yule anayekuja.

Sasa nipigieni hesabu, na kaka zangu wa Noah za Segera msikilize. Uko nyuma ya semi, ina urefu wa mita 18 hivi, inatembea 60. Wewe unataka kuipita kwa 80. Umeizidi kilomita 20 tu kwa saa, yaani mita tano na nusu kila sekunde. Ukihesabu urefu wa lori, urefu wa gari lako, na nafasi kidogo nyuma na mbele ili usirudi kwa kumkata, unahitaji sekunde 11 upande wa watu. Katika sekunde 11, kwa 80, umesafiri karibu mita 250. Na yule anayekuja, naye yuko 80, amekula mita 250 zake. Jumla nusu kilomita. Chukua uwanja wa Mkwakwani, upange vitano goli kwa goli: ndiyo lami tupu unayotakiwa uione kwa macho yako kabla hujatoka. Si uihisi. Uione.

Sasa niambieni, kutoka Segera hadi Korogwe ni sehemu ngapi unaona nusu kilomita bila kona wala kilima? Zipo. Lakini si zile tunazopitia.

Halafu kuna ile tabia ya kumfuata aliyetangulia kupita. Lori linapitwa na basi, na wewe unajibandika nyuma ya basi, "tutapita wote". Basi limeona mbele, wewe umeona mgongo wa basi. Akirudi upande wake ghafla, wewe umebaki pale katikati umevuliwa nguo. Na ile indiketa ya dereva wa lori anayekuambia pita, jamani, yule mtu hana macho yako, wala hajui gari lako lina nguvu gani, na pengine anataka kukata kulia tu. Shukuru, halafu tazama mwenyewe.

Na wewe unayepitwa, usikanyage mafuta. Hii naiona mno nikija likizo. Mtu alikuwa anatembea 70 kwa amani, akipitwa tu, uanaume unamwamka, anakwenda 90. Unamwongezea mwenzio sekunde za kukaa mbele ya kifo, na kifo kikija hakitachagua gari moja.

La pili ni kugonga nyuma. Watu wa huku wana kanuni yao: nusu ya spidi yako igeuze mita. Ukiwa 100, acha mita 50. Ukibanwa na polisi unalipa, na wanapiga video kutoka juu ya madaraja, humuoni mtu barabarani, barua inakufuata nyumbani. Sie tutumie sekunde. Gari la mbele likipita nguzo, hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili". Ukiifikia nguzo hujamaliza kuhesabu, umemkaribia mno. Mvua ikinyesha, hesabu mara mbili yake.

Najua jibu lenu. "Dada, ukiacha nafasi Tanga, daladala inaingia." Iingie! Nyanyua mguu kidogo, nafasi inarudi. Umepoteza sekunde mbili. Wewe ulikuwa unawahi wapi, stendi ya Kange?

Ila kuna kugonga nyuma kwingine ambako hesabu ya nguzo haikusaidii, kwa sababu gari la mbele halitembei. Lori limeharibika Michungwani au Kabuku, usiku, halina taa, dereva kakata matawi matatu kayatupa nyuma yake kaenda kutafuta fundi. Hapa nataka mnielewe. Ukipishana na gari unaweka taa dimu, na dimu za gari la kawaida zinakuonyesha mita 50 au 60 mbele. Huku wanafundisha hesabu ya kusimama: chukua spidi, gawa kwa kumi, zidisha kwa tatu, hizo ni mita unazotembea kabla mguu haujafika kwenye breki. Kisha ile spidi iliyogawanywa kwa kumi izidishe kwa yenyewe, hizo ni mita za breki. Ukiwa 80, ni 24 na 64, jumla 88. Ukiwa 60, ni 18 na 36, jumla 54. Kwa hiyo usiku, taa zikiwa dimu, mwenye 60 anaweza kusimama mbele ya lile lori. Mwenye 80 ameliona na bado ameingia chini yake. Hapo breki ni nzima, tairi jipya, dereva hajalewa.

Na wenye malori, matawi si taa. Jani halirudishi mwanga. Pembetatu ya kung'aa iwekwe mbali, hatua mia na zaidi, na kama ni konani iwekwe kabla ya kona. Huku kila gari sharti liwe na pembetatu, fulana ya kung'aa na boksi la huduma ya kwanza, na fulana unaivaa kabla ya kwenda kuangalia injini.

Nipande Lushoto kidogo. Wanaotoka Mombo kupanda Soni hawana shida sana, gari likichoka linasimama. Shida ni kushuka. Dereva anataka kubana mafuta, anaweka frii, anaachia mteremko, anategemea breki kona baada ya kona. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Ukizikanyaga mfululizo zinashika moto, unaanza kusikia harufu, halafu mafuta ya breki yakiwa ya zamani yamenyonya unyevu, yanachemka, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedeli inakwenda hadi chini kama unakanyaga godoro la hewa. Dawa yake ni ya zamani: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, weka gia ndogo KABLA ya mteremko, injini ishike gari, breki ukanyage kwa kushtua na kuachia. Hata otomatiki zina L au 2 kwenye gia, hazikuwekwa kuwa pambo. Na ukinusa harufu ya kuungua, simama uache zipoe zenyewe. Usimwagie maji, chuma cha moto kinapasuka.

Tairi sitakaa sana. Juni 28, 2025, Sabasaba pale Same, barabara hii hii ya kwetu ya Moshi, mabasi mawili yaligongana yakawaka, wakafa watu kwa makumi, na taarifa ilisema chanzo ni tairi la moja kupasuka. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa herufi DOT. Ikiandikwa 2319, limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Ukinunua la mtumba soma hizo, usisome kashata zake tu, maana tairi linaweza kuwa na meno mazuri na mpira umeshakauka. Upepo mdogo ndio unaopasua zaidi, maana tairi linajikunja, linapata joto. Likipasuka la mbele ukiwa kasi, shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta, na usibamize breki.

Mjini kwetu sasa. Tanga ni mji wa baiskeli, sijui mji mwingine wa pwani unaotushinda. Mama anatoka sokoni na kikapu, mzee anatoka msikitini, wote wamo kando ya lami. Umeegesha Barabara ya 12, unafungua mlango bila kutazama, umemwangusha mtu mbele ya daladala. Sie usukani uko kulia, kwa hiyo fungua mlango kwa mkono wa kushoto. Jaribuni sasa hivi hapo mlipo: mkono ukivuka, bega linageuka, na macho yanaenda yenyewe nyuma. Huku usukani uko kushoto, tunatumia wa kulia, sababu ni hiyo hiyo.

Bodaboda anakugonga pale unapokata kulia. Umewasha indiketa, umepunguza, yeye anaona gari limepunguza, anaona fursa, anakupita kulia. Kioo, indiketa, kioo tena, kisha geuza shingo, maana kuna kipande ambacho kioo hakikuonyeshi kabisa na bodaboda anaenea humo mzima na abiria wake wawili. Na nyie wadogo zangu wa bodaboda, gari likipunguza jiulize kwa nini limepunguza.

Simu mnajua. Usingizi mnajua, ila wengi mnadhani kufungua kioo na kuweka taarab juu kunatibu. Hakutibu. Egesha pa salama, lala dakika 20.

Kuna watu watasema huyu anatuletea Uzungu. Sikilizeni. Ujerumani Magharibi na Mashariki kwa pamoja, mwaka 1970, barabara ziliua zaidi ya watu 21,000. Mwaka 2023 walikufa 2,839, na magari yameongezeka mara nyingi. Ni Wajerumani wale wale. Mkanda wa mbele ulipolazimishwa upande wa Magharibi mwaka 1976 walikuwa wabishi kama sie, wakauvaa vizuri faini ilipoanza 1984. Kwa hiyo mie siamini kwamba sie tumeumbwa na ajali. Nyuma ya Coaster mna mikanda, imefukiwa chini ya mito. Ifukueni muivae.

La mwisho, na hili linaniuma. Januari 2025, Chang'ombe ya Segera, kulitokea ajali usiku, watu wakatoka majumbani kusaidia na kutazama. Lori likaja likawapitia. Wakafa 11. Na mnakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda na madumu, zaidi ya mia wakateketea.

Sie tuna moyo wa kukimbilia, na sitaki uondoke. Nataka mtu wa kwanza asikimbilie gari. Akimbilie nyuma, mbali, mita mia au mia mbili, na simu imewashwa tochi, apunge kuwasimamisha wanaokuja. Wa pili upande wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ndiye wa majeruhi. Wengine wote nje ya lami kabisa, hata kama hamuoni vizuri. Lori la mafuta likilala, hakuna wa kusogea, na hakuna sigara. Polisi ni 112, zimamoto 114, na ukipiga waambie kijiji gani na upande upi, wa kwenda Segera au wa kutoka, maana "hapa barabarani" haimfikishi mtu.

Haya, bibi wangu wa saa tatu anasubiri sindano yake, na yeye nikichelewa ananisema kwa Kijerumani kirefu. Nawasha gari, simu naizima.