Tiger I ya 1/35: Tamiya, Dragon, Academy au Rye Field?

Haya wakuu tukae basi, walio nyuma kama hamuoni mezani sogeeni, viti bado vipo huku mbele. Nimeombwa niongelee seti za modeli za kifaru cha Tiger, ile Tiger ya kwanza ya Mjerumani, kwa skeli ya 1/35, yaani modeli ni ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, na swali ninaloulizwa kila siku ni moja tu, ninunue ya kampuni gani. Na mi nikiulizwa hivyo narudisha swali, unataka Tiger ya mwezi gani? Watu wanakasirika hapo, wanaona nawazungusha, ila ngoja niwaeleze.

Kiwanda cha Henschel kule Kassel kilianza kutoa Tiger I mwezi wa 8 mwaka 1942, kikaacha mwezi wa 8 mwaka 1944. Miaka miwili tu, zikatoka kama 1,350 hivi, na muda wote huo walikuwa wanabadilisha vitu huku kazi inaendelea. Ile ya mwanzo juu ya kichwa, yaani ile sehemu inayozunguka yenye mzinga, ina kile kitundu cha kamanda kirefu kama ndoo, chenye mianya ya kuchungulia, alafu katikati ya 1943 kikaja kingine kifupi chenye periskopu. Ya mwanzo ina mabomba ya kurushia moshi wa kujifichia matatu matatu kila upande wa kichwa, baadae yakatolewa. Nyuma ina yale mafilta makubwa ya vumbi yanaitwa Feifel, nayo yakaachwa. Injini yenyewe ilibadilishwa, ikatoka Maybach HL 210 ikaja HL 230. Kuanzia karibu mwezi wa 2 mwaka 1944 hata magurudumu yakabadilika, yale yenye mpira wa nje yakaondoka yakaja ya chuma. Kwahiyo mtu akichukua boksi la Tiger ya mwisho akabandika namba za kifaru kilichopigana Tunisia mwanzoni mwa 1943, hata afanye rangi nzuri namna gani, anayejua akipita mezani ataona magurudumu tu na kazi imeisha.

Na Tunisia naitaja makusudi maana ndiko Tiger zilikofika kwenye bara letu. Zilianza kushuka bandarini mwezi wa 11 mwaka 1942, kikosi cha 501, baadae wakaja wa 504. Ile maarufu kuliko zote, namba 131, ilikuwa ya 504, Waingereza wakaiteka mwezi wa 4 mwaka 1943 ikiwa nzima nzima, Churchill na Mfalme George wa Sita wakaenda Tunis wakaiona, sasa hivi iko makumbusho ya Bovington Uingereza na inatembea kwa injini yake. Ukiwa unatafuta picha za kufuata, hiyo ndo imepigwa picha kila kona mpaka chini ya tumbo. Nyingine iko Saumur Ufaransa, na kuna ile ya Vimoutiers kule Normandy iliyokaa miaka mingi kando ya barabara, mvua yake jua lake, kwa mtu anayetaka kujifunza kutu ile ni shule.

Sasa tuje kwenye maboksi.

Tamiya, wa Shizuoka Japani. Hawa ndo waliotuletea hii skeli ya 1/35 yenyewe, na sababu yake inachekesha, mwanzoni mwa miaka ya 60 walitengeneza modeli ya Panther, kifaru kingine cha Mjerumani, yenye mota, ukubwa wake ukaamuliwa na betri, yaani betri ziingie tumboni ndo wakapima kifaru. Sote tunajenga 1/35 leo kwa ajili ya betri. Seti zao za Tiger ambazo watu wananunua sasa ni za mwishoni mwa miaka ya 80 na miaka ya 90, kuna ya mwanzo kabisa ya Afrika, ya mapema, ya kati na ya mwisho, kila moja boksi lake. Ni za zamani lakini vipande vinaingia bana, unakata, unaweka, kimeingia, hauhangaiki na tupa. Wikendi mbili tatu mtu wa kawaida amemaliza. Shida yake ni minyororo, nitaifikia.

Academy wa Korea Kusini, hii ni ya mfuko mwembamba. Ukiilaza pembeni ya Tamiya utaona zinafanana sana kwa jinsi vipande vilivyogawanywa, alafu wao wakaongeza na vitu vya ndani, kuna toleo la mapema lenye injini na viti na risasi. Ukali wa vipande haufiki kwa Mjapani, ila kwa hela ile silalamiki. Kama ni Tiger yako ya kwanza na unataka kujifunzia bomba la kupuliza rangi bila moyo kudunda, chukua hii.

Dragon wa Hong Kong. Hapa sasa ndo penye wale wagonjwa, na mimi nikiwemo. Hawa wametoa Tiger nyingi mno, utakuta boksi la kikosi fulani sehemu fulani, na kuna zile za mwisho ambazo ule upako wa kuzuia bomu la sumaku, Zimmerit, umeshachongwa kwenye plastiki yenyewe. Kwa mtu anayetaka Tiger ya mwezi fulani kabisa, kwa Dragon ndo kuna uwezekano mkubwa wa kuipata. Ila karatasi ya maelekezo inataka akili itulie, maana fremu, yale matawi ya plastiki yenye vipande, zimechanganywa kutoka matoleo tofauti, utabaki na vipande vingi ambavyo havina kazi, na usipoangalia picha ya kifaru halisi pembeni utaweka cha 1944 kwenye cha 1943. Mnyororo nao unategemea na boksi, kuna yenye vipande kimoja kimoja na kuna yenye mkanda laini unaoshika gundi ya kawaida, kwahiyo soma ubavu wa boksi kabla hujatoa hela.

Rye Field Model wa China, hawa wageni, wameingia kwenye miaka ya 2010 na wameingia kwa kishindo. Toleo lao la mapema lenye ndani kamili lina kila kitu, giaboksi, redio, injini, rafu za risasi, na kifaru halisi kilibeba risasi 92 za mzinga kwahiyo jiandae kupaka shaba mpaka uote usiku. Mnyororo wake unacheza kabisa, ukisukuma modeli unazunguka.

Sasa hapo ndo ugomvi wangu na watu unapoanza. Kila mtu anaiona Rye Field anasema hii ndo bora, ina ndani. Sawa, ina ndani, utakaa miezi unapaka giaboksi alafu mwisho wa siku unafunga paa unabandika gundi na hakuna atakayeiona tena. Labda uache wazi kila mlango, na hata hivyo unachungulia kwenye tundu dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mi nasema kama una hela ya ziada iweke chini, kwenye minyororo na magurudumu, maana ubavu wa Tiger karibu nusu yake ni magurudumu. Upande mmoja wa ile ya mapema ina ekseli 8 na kila ekseli ina magurudumu 3, jumla 24, yanapishana yanaingiliana, na mnyororo mpana wa milimita 725 umelala juu yake. Umelala, sikilizeni vizuri hilo, kile chuma ni kizito, kinashuka kwa uzito wake kinakaa juu ya magurudumu. Ile mikanda laini ya Tamiya inataka kunyooka, inakaa juu juu hewani imekaza, na modeli nzima inaonekana nyepesi hata kama kichwa kimekaa sawa na rangi imetulia. Tani 57 za kifaru halisi zinaonekana pale kwenye mnyororo au hazionekani popote.

Dawa zipo. Ya bure ni kuisukuma mikanda chini kwenye gurudumu kwa gundi na kipini kidogo unachotoboa ubavuni mwa bodi, kimejificha nyuma ya mnyororo, kinaushikilia chini. Ya hela ni kununua minyororo ya chuma ya Friulmodel wa Hungaria, vipande 96 kila upande, unavifunga kimoja kimoja kwa waya, inashuka yenyewe kwa uzito wake maana ni chuma kweli. Kwahiyo Tamiya pamoja na Friul, kwangu mimi, inaipiga Rye Field kwa macho ya mtu anayetazama kutoka nje, na utakuwa umeimaliza.

Kuna ndugu pale ameinua mkono, anasema Rye Field mnyororo wake tayari uko sawa kwanini anunue mwingine. Kweli kabisa, na wana matoleo yasiyo na ndani, ukilipata hilo hatugombani.

Jambo lingine ni unene. Bamba la mbele la Tiger ni milimita 100, kwenye 1/35 ni karibu milimita 3, plastiki inaiweza bila shida. Lakini yale mabati ya kukinga matope ubavuni yalikuwa membamba, ukigawanya kwa 35 inatakiwa kama karatasi, na plastiki ya aina hiyo hakuna mtu anaweza kuimwaga kwenye moldi. Ndo maana watu wanatafuta vile vipande vya shaba vyembamba. Si lazima uweke vyote, mi naweka mabati na wavu wa juu ya injini basi, vile vya kufungia nyundo na koleo nawaachia wenye macho ya ujana.

Rangi nipite haraka. Kabla ya mwezi wa 2 mwaka 1943 rangi ya msingi ilikuwa kijivu cheusi, kuanzia hapo njano ya mchanga, alafu kikosi kinaongeza kijani na kahawia juu yake. Za Tunisia zilikuja na rangi za kitropiki na watu wanabishana mpaka leo kivuli gani hasa, chagua chako uwe na picha ya kukutetea. Na fungueni dirisha mkipuliza jamani, ile thina si marashi.

Nimeweka bodi nne hapa mezani hazijapakwa rangi, mje mzishike, mlinganishe ekseli na pembe za kichwa. Aliyeuliza mapema kuhusu Zimmerit ya kubandika aje kwanza, maana Tamiya wanauza karatasi yake peke yake na nimeleta kipande tukijaribu kwenye kona hii ya nyuma.